Uzi: Lita za kwenye seva zinazidi maziwa yaliyofika kiwandani. Kosa liko kwenye programu au kwenye ndoo?

#1 KijanaWaMkwakwani
Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga mjini. Kuna chama cha wafugaji nimewaandikia mfumo (jina naliacha), wana vituo vya kukusanya maziwa upande wa Pongwe na Muheza. Karani ana simu ya Android. Mfugaji akileta maziwa anapimiwa, karani anaingiza namba ya uanachama na lita, anabonyeza Hifadhi. Mtandao ukiwepo rekodi inapanda kwenye seva palepale. Usipokuwepo inakaa kwenye SQLite (kanzidata ndogo) ya simu, itapandishwa baadaye. Seva ni PHP na kanzidata ya MySQL, ya kawaida tu.

Shida ni kwamba jumla ya siku kwenye seva haikubaliani na maziwa yanayopokelewa gari likifika kiwandani. Mara nyingi seva inazidi. Juzi kituo kimoja seva imesema lita 412, kiwanda kimepokea 371. Siku nyingine tofauti ni lita 5 au 6. Mara chache seva inapungua, hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa. Wafugaji wanalipwa kwa namba ya seva, na mwenyekiti ananitazama kana kwamba zile lita nimezinywa mimi.

Nimeweka ukaguzi: mwanachama yuleyule, tarehe ileile, lita zilezile, rekodi ya pili inakataliwa. Malalamiko ndiyo yameongezeka. Nianzie wapi?

#2 MzeeWaSQL
Weka muundo wa jedwali hapa. Bila hilo tunapiga ramli.

#3 BintiPangani
Karani anabonyeza mara mbili. Alfajiri kuna foleni, kila mtu na ndoo yake, mtandao unazunguka tu na kitufe hakionyeshi kitu. Wewe ungefanyaje? Kitufe kizimike mara tu kikiguswa, na skrini iseme IMEHIFADHIWA kwa herufi kubwa hata kama bado haijafika kwenye seva. Mtu akishaona hilo neno anamwita anayefuata.

#4 Kange_Stendi
Lita 41 zimepotelea njiani. Mwulizeni dereva alipita kwenye harusi ya nani, hiyo ni chai ya ukumbi mzima.

#5 KijanaWaMkwakwani
Mzee shikamoo. Jedwali lina: id (inajiongeza yenyewe), mwanachama, lita (FLOAT, namba ya desimali ya makadirio), tarehe (DATETIME, inatoka kwenye simu), kituo, namba_ya_stakabadhi. Simu inatuma rekodi moja moja kwa POST. Isipopata jibu ndani ya sekunde 15 inahesabu kuwa imeshindikana na kutuma tena.

Dada Pangani, kitufe nilishakizima toka mwanzo.

#6 MzeeWaSQL
Marahaba. Hapo kwenye "isipopata jibu" ndipo penye ugonjwa.

Kutopata jibu hakumaanishi rekodi haikufika. Inawezekana ombi limefika, seva imeandika, jibu ndilo limepotea njiani wakati wa kurudi. Simu haina namna yoyote ya kutofautisha mambo hayo mawili. Si uzembe wako, ni tabia ya mtandao wowote unaopoteza ujumbe. Jim Gray aliueleza mkwamo huu mwaka 1978 kwa mfano wa majenerali wawili wanaotumiana wajumbe katikati ya adui: hata ukidai uthibitisho wa uthibitisho, wa mwisho kutuma hana uhakika. Kwa hiyo usihangaike kuzuia kutuma mara mbili. Tuma hata mara kumi, ila seva iandike mara moja.

Utafanyaje? Rekodi ipewe utambulisho wake ndani ya simu, wakati karani anahifadhi, si wakati wa kutuma. Ndama anavishwa hereni akizaliwa, hangojwi afike mnadani. Tumia UUID, utambulisho mrefu ambao simu inajitengenezea yenyewe. Toleo la 4 lina biti 122 za bahati nasibu, simu zako hazitagongana. Ongeza safu ya UUID kwenye jedwali, iwekee UNIQUE (isikubali thamani ileile mara mbili), basi.

Vitu viwili wengi wanavikosea. Kwanza, kwenye MySQL usikimbilie INSERT IGNORE, amri ya kuandika inayopuuza marudio. Inameza na makosa mengine, kwa mfano maandishi marefu kuliko safu yatakatwa kimyakimya na utabaki na onyo ambalo hakuna anayelisoma. Andika ON DUPLICATE KEY UPDATE id = id, yaani ikikuta rekodi ipo isibadilishe kitu. Wa PostgreSQL wao wana ON CONFLICT DO NOTHING tangu toleo la 9.5. Pili, rekodi iliyokwisha kuwepo ikija tena, seva ijibu "nimeipata" vilevile. Ukijibu kosa, simu itaituma mpaka bando liishe.

Na huo ukaguzi wako wa lita zilezile utoe leo.

#7 MkongeMrefu
Mzee kamaliza lakini mbona hamwoni FLOAT? Fungua konsoli ya JavaScript ujumlishe 0.1 na 0.2, utapata 0.30000000000000004. Lita na pesa havikai kwenye FLOAT. Ndiyo maana jumla hazikubaliani.

#8 Nguvumali
Mkonge, FLOAT ya MySQL inashika takriban tarakimu 7. Kwenye lita mia nne kosa lake liko huko kwenye vijisehemu vya kijiko. Haliwezi kuzaa lita 41, hata lita moja haliwezi. Aibadilishe, ndiyo, aweke DECIMAL (desimali kamili, si ya makadirio) au ahesabu kwa mililita nzima nzima, kwa sababu siku moja italeta ubishi wa shilingi mbili tatu kwenye malipo. Ila mwizi wetu wa leo si huyo.

#9 Raskazone_Kwetu
Seva yako imekaa nchi gani? Kama iko Ulaya kwenye saa ya UTC, sisi tuko mbele kwa saa 3. Maziwa ya alfajiri yanahesabiwa kwenye tarehe ya jana. Leo inapungua, jana inazidi. Nimemaliza.

#10 BintiPangani
#9 hujamaliza, kaka. Piga hesabu. Maziwa yanaanza kufika saa kumi na moja alfajiri, yaani 05:00. Toa 3, inakuwa 02:00 ya tarehe ileile. Ili tarehe irudi nyuma, mtu alete maziwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku. Nani anakamua saa nane za usiku Muheza? Labda mchawi.

Halafu kasema tarehe inatoka kwenye simu. Saa ya seva haihusiki hapo.

#11 Raskazone_Kwetu
Sawa, sasa kama tarehe inatoka kwenye simu ndiyo mbaya zaidi, au?

#12 LushotoJuu
Mbaya sana. Huku kwetu milimani niliwahi kurekebisha mfumo wa mboga wenye mpango huohuo. Simu za bei nafuu, betri ikiisha kabisa au ikitolewa, saa inapotea mpaka simu ishike mtandao tena. Tulikuta rekodi za kabichi za tarehe 01/01/1970 saa tisa usiku. Ni ile sifuri ya kompyuta, pale inapoanzia kuhesabu muda, ambayo kwa saa zetu inasomeka 03:00. Ripoti ya leo inachagua tarehe ya leo, kwa hiyo zile haionyeshi kabisa.

Mkwakwani, hizo siku ambazo seva inapungua, tafuta rekodi zote za kabla ya mfumo kuanza kutumika. Na uweke tarehe mbili: ya simu na ya kufika kwenye seva. Zikipishana kwa zaidi ya siku moja, rekodi iwekewe alama mtu aiangalie. Ukitaka uhakika zaidi, Android ina elapsedRealtime, inahesabu tangu simu iwashwe na haijali mtu akichezea saa. Ubaya wake, simu ikizimwa inaanza upya.

#13 MamaNdama
Hamjambo. Mimi si mtu wa kompyuta, kijana wangu ndiye kanitumia huu uzi. Nimekaa kwenye kituo cha maziwa miaka mingi, nimekuwa karani, sasa nafuga.

Huyo aliyeandika "lita zilezile inakataliwa" amewahi kusimama kituoni? Mfugaji mwenye ng'ombe watatu analeta ndoo mbili. Ndoo ni ya lita kumi. Karani anapima ya kwanza, kumi, anamimina kwenye keni, anapima ya pili, kumi. Zote za mwanachama mmoja, asubuhi moja. Mashine yako imekataa ya pili. Halafu namba moja ya uanachama inatumiwa na mume na mke, mwanamke analeta lita nne asubuhi, mume analeta nne jioni. Nayo imekataliwa. Hao ndio wanaokulalamikia, na wana haki.

Nami nauliza: mnapima kwa mizani au kwa jagi?

#14 KijanaWaMkwakwani
Shikamoo mama. Vituo viwili wana mizani, kimoja wana jagi la chuma lenye mistari. Ukaguzi nimeshautoa.

#15 MamaNdama
Marahaba. Basi mizani inatoa kilo, na makarani wako wanaandika kilo kwenye sehemu ya lita, nina hakika kwa sababu ndivyo wanavyofanya wote. Maziwa ni mazito kuliko maji. Lita 100 za maziwa mazuri ni karibu kilo 103. Kiwandani wakipima kwa lita, lazima nyinyi muonekane mmezidisha. Na jagi nalo lina lake: maziwa yakitoka kukamuliwa yana povu, karani mwenye haraka anasoma povu.

#16 Nguvumali
Mama umetoa darasa. 412 gawa kwa 1.03 ni 400 kamili. Lita 12 kati ya 41 zimepata maelezo bila kugusa programu.

#17 MzeeWaSQL
Zimepata maelezo kama kituo hicho kina mizani. Hajasema ni kipi. Na zinabaki 29.

#18 BintiPangani
Zile siku za tofauti ya lita 5 au 6 ndizo zinamfaa mama. Kituo chenye lita 200, asilimia 3 ni 6. Kila siku, bila kukosa. Kosa la mtandao haliwezi kuwa na nidhamu hivyo.

#19 Kange_Stendi
Wenyewe tunasema Tanga waja leo waondoka leo. Rekodi za huyu bwana zaja leo na haziondoki.

#20 ChuoniBado
Samahani wakuu, kwa nini asitumie blokcheni? Kila rekodi haifutiki wala hairudiwi.

#21 MzeeWaSQL
Haifutiki, kweli. Kilo ikiandikwa lita haitafutika milele.

#22 MkongeMrefu
Nimerudi, FLOAT nimeiacha. Rudia kusoma #1: "mtandao ukiwepo inapanda palepale, usipokuwepo itapandishwa baadaye." Hizo ni njia mbili za kutuma. Ile ya baadaye umeifanyaje? Kama ni WorkManager (mwendesha kazi za nyuma wa Android) ya kujirudia, kila dakika 15 (chini ya hapo haikubali) inaamka na kuuliza SQLite: zipi bado? Sasa chukulia karani kabonyeza Hifadhi, rekodi iko njiani, bado haijawekewa alama ya kutumwa, na dakika hiyohiyo mtumaji wa nyuma anaamka. Anaiona, anaituma naye. Hakuna mtandao uliokatika, hakuna aliyebonyeza mara mbili, na rekodi ni mbili.

Dawa: kitufe kisitume chochote. Kazi yake iwe kuandika kwenye SQLite tu. Mtumaji awe mmoja, asome foleni, atume, akijibiwa aweke alama. Kitufe kinaweza kumwamsha, lakini hakimfanyii kazi yake. Kwa karani inakuwa faida pia, kwa sababu kuandika kwenye simu hakungoji mtandao, skrini inarudi papo hapo.

#23 LushotoJuu
#22 umenikumbusha: hiyo namba_ya_stakabadhi inatoka wapi? Usiniambie ni namba kubwa kuliko zote ujumlishe moja.

#24 KijanaWaMkwakwani
Ndiyo, simu inachukua kubwa iliyomo ndani yake inaongeza moja.

#25 LushotoJuu
Kituo kina simu ngapi?

#26 KijanaWaMkwakwani
Cha Muheza kina mbili, asubuhi foleni ni ndefu.

#27 LushotoJuu
Basi kila asubuhi simu mbili zinatoa stakabadhi namba ileile kwa watu wawili. Kama kuna mahali kwenye seva unasasisha rekodi kwa kutafuta stakabadhi na kituo, mmoja anamfuta mwenzake. Hiyo inapunguza, haizidishi. Ipe kila simu herufi yake, A na B, namba ianze na herufi. Mfugaji bado anaweza kuisoma kwa simu akilalamika, UUID hawezi kumsomea mtu.

#28 KijanaWaMkwakwani
Ahsanteni sana. Nimekaa na kanzidata tangu alasiri, nimepanga rekodi zote zinazofanana za kituo kile cha lita 412, nikaangalia kwenye logi za seva zimepishana muda gani kufika. Ziko za aina tatu. Jozi kadhaa zimepishana sekunde 15 hadi 17. Jozi chache zimefika sekunde ileile. Na nyingine zimepishana dakika mbili, tatu, nne.

#29 MzeeWaSQL
Sekunde 15 ni zangu. Muda wa kusubiri umeisha, simu imetuma tena.

#30 MkongeMrefu
Sekunde ileile ni zangu.

#31 MamaNdama
Dakika tatu ni ndoo ya pili. Hizo msiguse.

#32 Kange_Stendi
Jamani mnagawana maziwa ya watu. Sisi wa dereva tumebakiwa na nini?

#33 Raskazone_Kwetu
Kwa hiyo afute jozi za aina mbili za kwanza, aache ya tatu?

#34 MzeeWaSQL
ASIFUTE KITU. Aongeze safu ya "inashukiwa", aweke alama, basi. Sekunde 16 inaweza kuwa ni kujituma upya, inaweza kuwa karani mwepesi mwenye ndoo mbili zimeshapimwa anaziingiza kwa mpigo. Takwimu peke yake haiwezi kukwambia, ndiyo maana nilisema hereni ivishwe mapema. Rekodi za zamani hazina hereni na hutaweza kuzivisha leo. Kituoni kuna daftari, sivyo? Makarani wa huku hawaachi daftari hata uwape simu ya dhahabu. Kaa nao mlinganishe mstari kwa mstari. Na mwenyekiti asikate shilingi ya mtu kwa sababu ya swali uliloandika wewe kwenye kanzidata.

#35 BintiPangani
Nakubaliana na mzee isipokuwa jambo moja: daftari nalo limeandikwa kilo.

#36 ChuoniBado
Rahisi si walipe kwa namba ya kiwanda tu? Jumla ya kiwanda igawanywe kwa uwiano wa walichopeleka.

#37 Nguvumali
Ukifanya hivyo aliyerekodiwa mara mbili anakula sehemu ya aliyerekodiwa mara moja. Jumla inatimia vizuri na kila mtu kalipwa vibaya.

#38 MamaNdama
Na namba ya kiwanda siyo maziwa yote yaliyotoka kituoni. Maziwa yakifika wanapima tena, wanachanganya kidogo na alkoholi kwenye kikombe, yakiganda keni lote linarudi. Mtu mmoja kaleta ya jioni yaliyolala bila kupoa, karani hakuyapima vizuri, kamwagia kwenye keni la wenzake, limekwenda lote. Hayo yameshaandikwa kwenye simu, na stakabadhi wamepewa.

Keni letu ni la lita arobaini. Nyinyi mnatafuta lita arobaini na moja.

#39 Kange_Stendi
Dereva naomba radhi.

#40 KijanaWaMkwakwani
Mama, mfumo hauna hata sehemu ya kuandika keni lililorudishwa. Hakuna aliyeniambia kuna kitu kama hicho, na mikutano tulifanya.

#41 MamaNdama
Uliongea na viongozi. Keni likirudi anayejua ni karani na dereva.

#42 MzeeWaSQL
Ngojeni. Keni ni 40, kilo zimeleta 12, tayari tuko 52, na tulikuwa tunatafuta 41. Na hapo bado jozi za sekunde 15 tulizoziona kwa macho. Maelezo yamezidi tatizo. Moja kati ya haya halikutokea siku ile, au kuna kitu kingine kinachopunguza upande wa pili.

#43 LushotoJuu
Stakabadhi zinazofutana zinapunguza. Na ule ukaguzi wake wa lita zilezile, siku ile ulikuwa umewashwa au bado?

#44 KijanaWaMkwakwani
Uliwashwa wiki hiyohiyo, siku sikumbuki, na mabadiliko sikuyaweka kwenye Git (inayotunza historia ya mabadiliko ya programu), nilihariri moja kwa moja kwenye seva.

#45 Nguvumali
Astaghfirullah.

#46 BintiPangani
Mwacheni, swali lake kajibiwa mara nane. Mkwakwani, mpango wako ni upi?

#47 KijanaWaMkwakwani
UUID na mtumaji mmoja nimeshaanza kuandika, nitaweka kwanza kwenye simu moja. Skrini ya kuingiza kipimo itauliza kilo au lita, seva itageuza yenyewe. Jedwali la makeni yaliyorudi linakuja. Jumamosi nakwenda Muheza kulinganisha daftari, na nitamtafuta dereva.

#48 MkongeMrefu
Usimwulize karani kilo au lita kila ndoo, atachagua iliyo karibu na kidole. Kituo chenye mizani kiandikwe kwenye mipangilio kuwa ni cha kilo, asione hata swali.

#49 Nguvumali
Na hiyo simu moja ya majaribio ni ya kituo cha mizani au cha jagi? Kama unabadilisha utumaji na kipimo kwa pamoja, tofauti ikishuka hutajua kilichoishusha ni kipi. Kwangu mimi anza na cha jagi, UUID peke yake, kipimo usikiguse wiki ya kwanza.

#50 MamaNdama
Cha jagi kina povu. Anzeni na cha mizani.